Tulitia taa mbili, garanti ikakataliwa: mambo yenye tulijifunza juu ya trisikle yetu



Siku ya posho moja, mbele ya saa kumi na mbili ya asubuhi, kijana dereva wa kikundi chetu alinitelefonia. Nilikuwa jikoni, chai haijachemka bado. Akasema: "Mwalimu, trisikle imeshika moto. Tumeuzima na muchanga, lakini nyuzi zote zimeungua." Alikuwa kwenye barabara ya Sange kuja Uvira, na nyuma yake magunia saba ya mpunga. Yeye mwenyewe hakuumia. Kwa hilo tulimshukuru Mungu kwanza.

Wengi kati yenu mnajua trisikle ile. Tuliitafuta miaka mitatu. Kila juma tulitia hisa ndani ya kisanduku cha AVEC yetu, wengine mbili, wengine tano, na kuna wamama wenye waliuzisha ndagala kwenye jua mpaka jioni ili wasikose siku ya kutia. Tulipofikisha zaidi ya dola 2000 tulinunua trisikle mpya, ingali na plastiki kwenye kiti. Muuzaji alitupatia karatasi ya garanti ya miezi 6. Moto ule ulikuta tuko katika mwezi wa nne. Kwa hiyo, hata kama tulisikitika, hatukuogopa sana. Tulisema: garanti iko.

Tuliipeleka kwa muuzaji juu ya gari ya watu. Mkubwa wa garaji aliinua kiti, akaangalia nyuzi muda wa dakika mbili, akashusha kiti. Akasema: "Bamama, muliweka bitu. Garanti imekufa." Tulimukumbusha kwamba kuna ubovu mwingine wenye tulikuwa tumemwambia zamani: mafuta yalikuwa yanavuja chini ya sanduku la vitesi tangu mwezi wa pili. Akajibu kwamba hata huo sasa ni juu yetu. Imekufa ni imekufa.

Mkutano wenye ulifuata ulikuwa mbaya. Mama mmoja alisema kijana alipe. Mwingine alisema kijana hana kitu, mama yake alipe kwa hisa zake. Mama yake ni mjane, ni mwanachama wetu tangu siku ya kwanza, na alikuwa amekaa pale pale anaangalia chini. Mimi, karani wa kikundi, sikusema neno. Karatasi ya garanti ilikuwa ndani ya sakoshi yangu. Ilikuwa pale miezi mine. Ninafundisha watoto kusoma Kifaransa kila siku, na karatasi ile yenye ukurasa moja na nusu ya Kifaransa sikuwa nimeisoma.

Ndiyo sababu ninaandika leo. Vikundi vingi vinanunua sasa trisikle, pikipiki, kinu cha kusaga ao gari, na sitaki mwingine apite kule tulipitia.

Tulikuwa tumetia nini?

Usiku ule nilifungua kayee ya mikutano. Nilikuta, kwa mkono wangu mwenyewe, kwamba sisi wote tulikubali mambo mane: taa mbili kubwa za mbele, kwa sababu kijana anatoka mbele ya kuche, alarme, kwa sababu ya wezi, radio na spika, ili wateja wasikie, na mbao za kuinua kando za sanduku la nyuma pamoja na resore mbili za kuongeza nguvu, ili tupakie zaidi. Fundi wa mtaa alifanya kazi yote kwa siku moja. Kijana hakufanya chochote kwa siri. Alifanya kile tulimtuma.

Kisha nikafungua karatasi ya garanti, na nikaisoma pole pole, kama vile ninawaomba wanafunzi wangu wafanye.

Garanti ni nini, na si nini

Garanti, wengine wanaiita dhamana, ni ahadi ya mwenye kutengeneza chombo, ao ya mwenye kukiuzisha. Anasema: kama katika muda huu, ao mbele ya kufikisha kilometa hizi, kitu kinaharibika kwa sababu kilitengenezwa vibaya, mimi nitakitengeneza bila malipo. Ni hiyo tu. Si ahadi ya kutengeneza kila kitu chenye kitaharibika.

Kwa kawaida haihesabu vitu vyenye vinaisha kwa kutumiwa: mipira ya magurudumu, patini za freni, balbu, mnyororo, filtre. Haihesabu ajali. Haihesabu mafuta mabaya. Kama moteri imekufa kwa sababu ya esanse ya kadhafi yenye kuchanganywa na maji, hiyo si kosa la kiwanda. Na mara nyingi inaomba vidanji zifanyike kwa wakati wake na kuandikwa katika karne ya matengenezo, na muhuri wa garaji.

Halafu kuna mstari wenye unahusu kuongeza na kugeuza vitu. Hapa ndipo ninawaomba msome kwa uangalifu, kwa sababu mstari huo unaweza kuandikwa kwa namna mbili.

Namna ya kwanza inasema: garanti haihesabu uharibifu *wenye umetokana na* mageuzi yenye mtengenezaji hakukubali. Maana yake: kama kitu ulichotia ndicho kimeleta ubovu, ubovu huo ni wako. Lakini ubovu mwingine, wenye hauna uhusiano na kitu hicho, ungali juu ya mwenye kutoa garanti.

Namna ya pili inasema: garanti *yote inaisha* kama chombo kimegeuzwa ao kimefunguliwa na mtu mwingine. Hiyo ni kali zaidi. Kama ulitia sahihi kwenye karatasi ya namna hiyo, hata taa moja inaweza kukuletea mabishano.

Karatasi yetu ilikuwa ya namna ya kwanza. Mkubwa wa garaji alikuwa anasema kama vile ilikuwa ya namna ya pili. Na sisi tulikubali, kwa sababu hakuna kati yetu aliyekuwa amesoma.

Hesabu ya taa

Sasa, je, taa zetu ndizo zilileta moto? Nilitaka kujua ukweli, hata kama ungekuwa juu yetu. Nilimuomba mwalimu mwenzangu wa fizikia tufanye hesabu pamoja. Mnaweza kuifanya nyumbani na watoto.

Taa ya trisikle kutoka kiwandani ilikuwa ya wati 35. Batri ni ya volti 12. Unagawanya 35 kwa 12, unapata karibu ampere 3. Uzi wa taa ile ni mwembamba, na fuzibule yake ilikuwa ya ampere 10. Inatosha kabisa.

Taa zetu mbili mpya zilikuwa za wati 55 kila moja, ni kusema wati 110. Gawanya kwa 12: karibu ampere 9. Fundi wa mtaa alizifunga kwenye uzi ule ule mwembamba wa taa ya kwanza. Sasa 3 na 9 ni 12. Fuzibule ya 10 ikaanza kuungua. Kijana aliniambia kwamba iliungua mara tatu katika juma moja. Mara ya tatu fundi aliiondoa, akatia mahali pake kipande cha waya, akasema sasa haitaungua tena.

Ni kweli, haikuungua tena. Fuzibule imewekwa ili iungue yenyewe kwa bei ndogo, mbele uzi haujaungua. Ukiiondoa, hakuna tena kitu cha kuzuia. Uzi ukapata joto kila asubuhi, plastiki yake ikalegea, nyuzi mbili zikagusana, na moto ukatokea. Alarme na radio, zenye zilifungwa pale pale, zilizidisha tu.

Kama fundi angefanya vizuri, angepitisha uzi mpya mnene kutoka kwenye batri, na fuzibule yake ya pekee, na rele ya kuwasha taa. Tena angeuliza kwanza kama moteri ndogo ile inaweza kuzalisha umeme wenye kutosha. Kwa hiyo, juu ya nyuzi, mkubwa wa garaji alikuwa na haki. Kosa lilikuwa letu.

Lakini sanduku la vitesi? Taa haiwezi kuvujisha mafuta ya vitesi. Hakuna uzi wa taa wenye unafika kule. Na mafuta yalianza kuvuja mbele hatujatia taa. Katika karne ya matengenezo, kwenye vidanji ya pili, fundi wao wenyewe alikuwa ameandika kwamba kuna mafuta chini. Na muhuri wao uko juu yake.

Tulirudi, na karatasi mkononi

Mkutano wa pili nilisimama kwanza mimi. Nilisema kosa langu: nilikuwa na karatasi na sikuisoma. Nikasoma mbele ya wote ukurasa wa kayee wenye unaonyesha kwamba kikundi chote kilikubali taa. Mama mwenye alikuwa amesema mjane alipe aliomba msamaha mbele ya kila mtu. Tulikubaliana kwamba hakuna mtu mmoja atakayelipa. Kisanduku ndicho kitalipa chenye kiko juu yetu.

Tukaandika barua yenye mambo matatu tu, bila matusi na bila maneno mengi. Kwanza: nyuzi zimeungua kwa sababu ya taa tulizotia, tunakubali kulipa. Pili: sanduku la vitesi linavuja tangu mwezi wa pili, hapa kuna karne na muhuri wenu, hakuna uhusiano na taa, tunaomba garanti ifanye kazi yake. Tatu: tunaomba muangalie pia ekseli ya nyuma, kwa sababu tuliinua mbao na kutia resore, na tunataka kujua kama kuna madhara.

Tulitengeneza kopi mbili. Moja tuliwaachia, nyingine waliandika juu yake tarehe ya kuipokea na kutia muhuri. Tulikwenda wamama wanne, pamoja na kijana.

Mkubwa wa garaji alisoma barua mara mbili. Aliuliza: "Nani aliandika?" Mama prezida akamujibu: "Sisi bote." Alikubali kufungua sanduku la vitesi mbele yetu. Mpira wenye unazuia mafuta ulikuwa umekaa upande upande tangu kiwandani. Hata macho yetu ya wamama yaliona. Walibadilisha, hatukulipa kitu. Nyuzi zilitugharimu dola 65, pamoja na kazi. Hizo zilitoka kwenye kisanduku.

Juu ya ekseli alitueleza jambo ambalo sitasahau. Karatasi inasema trisikle inabeba kilo 500. Tangu tuliinua mbao, tulipakia magunia saba, na gunia la mpunga lina karibu kilo 100. Ni kilo 700. Resore mpya hazikunjiki, basi unafikiri chombo kimepata nguvu. Lakini uzito wote unashuka kwenye ekseli, kwenye shasi na kwenye freni zile zile za zamani, zenye hazikuongezwa nguvu. Alituonyesha mahali pa bulo palikuwa pameanza kukunjika kidogo. Akasema: "Hii ikikatika, hapa sitawasaidia, na siku hiyo mutajua muko na haki ao hamuna." Tuliondoa mbao na resore juma lile lile. Leo tunapakia magunia matano.

Sheria inasema nini kwetu

Mtoto wa mwanachama mmoja anaishi Marekani. Alipopata habari alituma ujumbe kwamba muuzaji hawezi kukataa garanti kwa sababu tu mtu ametia kitu cha kiwanda kingine. Juu ya kule anasema kweli. Marekani wana sheria ya mwaka 1975, yenye inaitwa Magnuson-Moss. Kwa kawaida mtengenezaji hawezi kulazimisha mtu atumie vipande vya jina lake tu ili garanti idumu, isipokuwa akivitoa bure. Lakini hata kule, kama kipande ulichotia ndicho kimeleta uharibifu, anaweza kukataa kutengeneza uharibifu huo. Ni lile swali moja: nini kilileta ubovu?

Lakini sheria ya Marekani haivuki bahari kuja Uvira. Hapa Congo tuko na sheria ya tarehe 30/07/1888 juu ya mikataba, yenye ingali inatumika. Inasema kwamba mwenye kuuzisha anajibu juu ya ubovu wenye kufichika, ule ambao ulikuwa ndani ya chombo siku ya kukiuzisha na munanuzi hakuweza kuuona, kama ubovu huo unafanya chombo kisitumike vizuri. Munanuzi anaweza kurudisha chombo na kupata franga zake, ao kubaki nacho na kurudishiwa sehemu ya bei. Ubovu wenye unaonekana kwa macho siku ya kununua hauhesabiwe. Na munanuzi anapaswa kudai katika muda mfupi. Ukikaa mwaka mzima unanung'unika nyumbani, umejifungia mlango mwenyewe.

Kwa hiyo, karatasi ya garanti si kitu pekee chenye kutulinda. Lakini mbele ya sheria pia, mageuzi yanatuletea shida: ukiwa umefungua, umekata na umeongeza, itakuwa vigumu kuonyesha kwamba ubovu ulikuwa ndani tangu siku ya kwanza.

Na gari je?

Wengine wananiuliza juu ya gari. Kanuni ni ile ile. Alarme na GPS vinagusa nyuzi; vikifungwa vibaya, ubovu wa umeme unakuwa wako. Magurudumu makubwa kuliko ya kiwanda yanafanya saa ya mwendo isiseme kweli na yanachosha freni. Kugeuza eshapema ili gari ilie kwa nguvu kunaweza kubadilisha namna moteri inapumua. Lakini kitambaa kipya cha viti hakiwezi kuua moteri, na mtu akikuambia hivyo, mwambie akuonyeshe namna gani.

Magari mengi yenye yanafika kwetu mashariki ni ya zamani, yanatoka Japani kupitia bandari ya Dar es Salaam ao Mombasa, na usukani uko kuume. Kwa gari kama hiyo, usitegemee garanti ya kiwanda: kwa kawaida muda wake umekwisha tangu zamani. Garanti yenye unaweza kupata ni ile ya muuzaji wa hapa, kama alikubali kuiandika. Na kama unawaza kuhamisha usukani kutoka kuume kwenda kushoto, ujue kwamba unagusa kitu chenye kushika maisha ya watu wote ndani ya gari. Kwanza uliza mwenye kutoa garanti, kisha tafuta fundi mwenye anajua kazi hiyo kweli.

Mambo ya kufanya mbele ya kutia kitu

Ninawaandikia mambo yenye kikundi chetu kimeweka sasa katika sheria zetu za ndani. Mnaweza kuyakata na kuyabandika kwenye kifuniko cha kisanduku.

1. Siku ya kununua, karatasi ya garanti inasomwa kwa sauti mbele ya wanachama wote, katika luga yenye wote wanasikia. Kama hakuna mwenye anasoma Kifaransa, muombe mwalimu wa masomo ya karibu. Hatutakataa.

2. Tafuteni mstari wa mageuzi. Je, unasema "uharibifu wenye umetokana na", ao unasema "garanti yote inaisha"?

3. Angalieni kama kwenye faktire na kwenye karatasi kuna tarehe, jina la kikundi, nambari ya shasi na muhuri. Bila hiyo, karatasi haina nguvu.

4. Kama mnataka kutia kitu, muulizeni muuzaji kwanza, kwa maandishi. Akikubali, aandike. Mara nyingi garaji yake inaweza kukitia yenyewe, na kazi hiyo inabaki juu yake.

5. Kama hakuna haraka, ngojeni garanti iishe. Taa za kuongeza zinaweza kungoja miezi miwili. Lakini hata garanti ikiisha, fuzibule isiondolewe kamwe.

6. Mkiona ubovu, usemeni siku ile ile, na mhakikishe umeandikwa katika karne. Mstari mmoja ulioandikwa na fundi wao ndio ulituokoa.

7. Mkikataliwa, ulizeni swali hili kwa upole: "Kitu gani tulichotia ndicho kimeleta ubovu huu, na kwa namna gani?" Kama jibu ni la kweli, mkubali. Kama hakuna jibu, andikeni barua.

8. Dereva asihukumiwe mbele ya kufungua kayee.

Jambo la nane ni mama yake kijana mwenye aliomba litiwe, na tulilikubali sote kwa kuinua mikono. Kijana angali anaendesha trisikle. Anatoka sasa kukiwa kumekucha, na taa ile moja ya kiwanda. Karatasi ya garanti imekwisha muda wake, lakini iko ndani ya kisanduku pamoja na funguo tatu, na kila mama wa kikundi anajua kile imeandikwa.

Kama kikundi chenu kina karatasi kama hiyo na hamjaisoma, ileteni siku ya mkutano mkubwa. Nitakuja mapema na tutaisoma pamoja.